Koti la Mtungi Mrefu

Viatu vya marehemu vilikuwa bado pale pale. Mtu mwenye huruma alikuwa ameviokota, akavipangusa majivu, akavipanga sawasawa kando ya mlango wa ofisi, kana kwamba mwenyewe kaingia ndani kunywa maji na atatoka sasa hivi.

Inspekta Miwani alivitazama, akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Miaka ishirini na sita alikuwa akiingia mahali watu walipofia, na bado kilichomshtua kwanza kila mara kilikuwa kitu kidogo.

"Nani aliyeviweka hivi?"

"Mimi, afande," alijibu mwosha magari. Alikuwa mwanamume wa makamo, suruali kaikunja hadi magotini. Tangu Jumatatu hakuwa ameosha gari hata moja, lakini mpira wa maji hakuuachia mkononi. "Kimoja kilirukia kule ukutani, kingine kikaangukia kwenye ndoo yangu. Nikaona si vizuri kuviacha vimeachana."

Gereji yenyewe ilikuwa ua mmoja, nusu yake imeezekwa bati. Upande wa kulia marehemu, ambaye watu wote walimwita Baridi, alitengeneza viyoyozi vya magari. Upande wa kushoto rafiki yake, Cheche, alichomelea vyuma. Katikati palikuwa na ukuta mfupi wenye minyororo miwili, na kila mmoja alifunga hapo mtungi wake wa gesi. Jumatatu asubuhi Baridi alikuwa akipima kama kiyoyozi cha gari moja jeupe kinavuja. Kompresa ikalipuka, ikamuua papo hapo.

Leo ilikuwa Jumatano. Cheche alikuwa mahabusu, na kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake leo, saa kumi jioni.

"Kesi imeiva, bosi," alisema Koplo, mtu mnene mpole ambaye mambo yote aliyalinganisha na sufuria. "Imebaki kupakua tu. Ijumaa waligombana mbele ya wateja. Cheche akasema, 'Tutaona nani ataua nani.' Jumatatu alipiga kelele kuliita jina la marehemu kabla ya mlipuko. Kabla, bosi! Mtu anapigaje kelele kabla kitu hakijalipuka kama hakujua kwamba kitalipuka? Halafu wenzake wakihangaika na marehemu, yeye akaonekana anakimbilia nyuma na kitu mkononi. Akakichoma. Anaulizwa ni kitu gani, amefunga mdomo kama mlango wa ghala."

"Marehemu alitolewa na nani kwenye moto?"

Koplo alifungua daftari lake. "Ni yeye, Cheche."

"Na koki ya mtungi nani aliifunga?"

"Ni yeye pia. Ndipo alipoungua mkono."

"Basi hicho chakula chako kina mawe, Koplo. Tukitafune polepole."

Mwalimu wa chuo cha ufundi alifika saa nne. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa kwa kushikwa, na alikuwa ameomba mwenyewe kuja kwa sababu Baridi alikuwa mwanafunzi wake. Alisimama mbele ya lile gari jeupe muda mrefu. Boneti ilikuwa imekunjika kama karatasi. Kompresa ilikuwa imepasuka vipande, na vilivyobaki vilikuwa vyeusi ti.

"Nieleze, Mwalimu," alisema Inspekta Miwani, "kama unavyomweleza mtu asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi."

"Kiyoyozi hakitengenezi baridi, mama. Watu wengi hukosea hapo. Kinahamisha joto." Mwalimu alikuwa akiongea huku macho yake hayatoki kwenye vile vyuma. "Ukitoka kuoga ukasimama kwenye upepo unasikia baridi, sivyo? Ni kwa sababu maji yakikauka yanaondoka na joto lako. Basi ndani ya haya mabomba inazunguka gesi inayofanya kazi hiyo hiyo. Kompresa, hii iliyopasuka, inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto sana. Inapelekwa huku mbele, kwenye huu wavu, upepo unaipoza, inageuka kuwa majimaji. Halafu inapita kwenye tundu dogo, inapanuka ghafla, inakuwa baridi, inaingia kwenye wavu mwingine ulioko ndani nyuma ya dashibodi. Hapo inanyonya joto la abiria. Kisha inarudi kwenye kompresa, safari inaanza upya."

"Na gesi hiyo inalipuka?"

"Ya aina hii, haiwezi kulipuka namna hii."

"Kuna mafundi wa barabarani wanajaza gesi ya kupikia humo. Hilo nimelisikia." Inspekta alikuwa amelala na wazo hilo tangu jana. "Kama mwenye gari alijaziwa hiyo huko nyuma, na Baridi hakujua?"

Mwalimu alitikisa kichwa, lakini hakudharau swali. Aliingia ofisini, akatoka na daftari la Baridi, jalada lake limeungua pembe moja. "Tuangalie alivyoandika. Huyu nilimfundisha kuandika kabla ya kugusa." Alifungua ukurasa wa mwisho. "Hapa. Ijumaa jioni. Amepima gesi kwa kifaa, ni safi, haina mchanganyiko. Akainyonya yote kwa mashine mpaka mfumo ukawa mtupu. Hakuiachia hewani, angalia, ameandika hadi uzito alioutoa. Amevaa miwani ya kukinga macho na glavu, hilo pia kaliandika, maana gesi hii ikikurukia jichoni inaligandisha. Jumatatu ilikuwa siku ya kupima uvujaji."

"Anapimaje?"

"Anajaza naitrojeni kavu. Ni gesi pole, haiungui, haina ugomvi na mtu. Anaijaza kwa presha ndogo ndogo kupitia rigyuleta, hiyo kofia yenye saa mbili za kupimia presha juu ya mtungi, inayopunguza nguvu. Anapaka povu la sabuni kwenye maungio, penye tundu povu linatoa mapovu. Akishaziba, anaweka pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote, ndipo anajaza gesi mpya kwa mizani. Ni kazi ya subira, lakini haina hatari."

"Lakini imeua."

Mwalimu alikuwa amefuata mpira wa gesi ulioungua kutoka kwenye gari, hatua kwa hatua, hadi kwenye mtungi mrefu uliosimama nyuma, rigyuleta ikiwa bado imefungwa juu yake. Rangi ya mtungi ilikuwa imechubuka kwa miaka ya kuburutwa. Aliushika mabegani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani, akauzungusha hadi upande uliokuwa umetazama ukuta.

Alisoma kibandiko. Akakisoma tena. Halafu akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi.

Koplo aliruka akaleta kigoda. Mwosha magari alikuwa tayari amefika na kikombe cha maji. Mwalimu hakuvitazama.

"Oksijeni," alisema.

"Si naitrojeni?"

"Oksijeni! Ndani ya kompresa kuna mafuta ya kulainisha, mama. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta haihitaji kiberiti. Inajiwasha yenyewe, kwa kishindo. Hilo ndilo somo la kwanza kabisa. Nawaandikia ubaoni siku ya kwanza, kwa chaki nyekundu, na sifuti mpaka muhula uishe." Alifunika uso. "Alikuwa anakaa mbele. Alikuwa anawasahihisha wenzake."

Inspekta Miwani alikitazama kile kibandiko. Siku mbili askari walikuwa wameupiga picha mtungi ule, mbele na ubavuni, na hakuna hata mmoja aliyeugeuza. Yeye mwenyewe hakuugeuza.

"Rigyuleta ya naitrojeni inaingiaje kwenye mtungi wa oksijeni?" aliuliza.

"Hii mitungi yetu nati zake ni sawa. Inaingia vizuri tu. Ndiyo maana tunasema soma kibandiko. Usiamini rangi, usiamini mahali ulipowekwa, soma."

Koplo alikuwa ameshaanza kuandika kwa kasi. "Oksijeni ni ya mchomeleaji. Basi imekwisha. Cheche kabadilisha mtungi, akamwekea mwenzake wa kwake. Hata ule ugomvi, bosi! Alitaka kuchomelea karibu na gari lenye gesi ya kiyoyozi, Baridi akamkataza mbele ya wateja. Akamwambia, 'Moto wako ukiipata hii gesi itatoka sumu, utatuua wote, wewe muuaji.' Mtu kaitwa muuaji hadharani. Kalipiza."

"Kamlipizaje kisasi mtu anayesoma vibandiko?"

Kalamu ya Koplo ilisimama.

Inspekta alichuchumaa mbele ya mtungi. Alipitisha kidole shingoni, kikatoka kimejaa masizi. Akakipitisha mabegani, chini kidogo tu ya shingo. Kilitoka safi. Alikipitisha tumboni mwa mtungi hadi chini, safi vilevile, kama sahani iliyooshwa.

"Mlipuko uliipaka gereji nzima masizi," alisema polepole. "Bati, ukuta, hata dirisha la ofisi. Huu mtungi ulikuwa hatua nne kutoka kwenye moto, na masizi yako shingoni peke yake. Ulikuwa umevaa nini?"

Mwosha magari aliuachia mpira wa maji kwa mara ya kwanza. "Koti," alisema.

"Koti gani?"

"Mitungi yetu ina makoti, afande. Ya turubai. Mama yake Baridi ni fundi cherehani, aliishonea ili jua na mafuta ya gereji visiiharibu. Koti la bluu refu ni la Baridi, jekundu fupi ni la Cheche. Lina kola mpaka shingoni, na vifungo vya shaba mbele. Watu walikuwa wanacheka, wanasema hapa hata gesi inavaa kuliko wateja." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Marehemu hakuwa anasoma tena kibandiko, afande. Nani asome jina la mtu anayemjua kwa koti lake?"

Mwalimu alitoa sauti ndogo pale vumbini.

Nyuma ya gereji palikuwa na shimo la taka. Koplo, bila kuambiwa, alikunja mikono ya shati, akaanza kuchakura majivu kwa kipande cha bati. Alipata kifungo kimoja cha shaba, cha matundu manne, kimebadilika rangi kwa moto. Akapata cha pili. Kwenye ripoti ya Jumatatu askari walikuwa wameandika: *vifungo, huenda vya ovaroli ya mshukiwa.* Kufika cha saba, Koplo aliacha kuhesabu. Hakuna ovaroli yenye vifungo vingi kiasi hicho.

Ofisini, kwenye msumari nyuma ya mlango, zilichomekwa hati za kupokelea mitungi. Inspekta alizishusha akazisoma kuanzia chini. Mwaka mzima zilisema jambo moja: naitrojeni, mtungi mkubwa, oksijeni, mtungi mdogo. Mwaka mzima. Ila ya juu kabisa, ya Jumamosi iliyopita. Naitrojeni, mtungi mdogo. Oksijeni, mtungi mkubwa. Pembeni, msambazaji alikuwa ameandika kwa kalamu: *saizi ya kawaida imekwisha.* Aliyetia saini ni Cheche.

"Baridi alikuwa wapi Jumamosi?"

"Alikwenda kutafuta kipuri," alisema mwosha magari. "Cheche akapokea yote miwili, akaifunga kwenye minyororo. Ilikuwa uchi siku hiyo, makoti yalikuwa yamepelekwa nyumbani kufuliwa."

"Nani aliyaleta?"

"Mama. Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyemfungulia geti, nina wateja wa Jumapili. Kwa kawaida humpa mwanawe akayavalisha mwenyewe, lakini siku hiyo alikuja peke yake. Aliyavalisha kwa mkono wake, afande, akafunga kifungo kimoja kimoja kama anawapeleka shule."

Koplo aliangalia ile hati, akaangalia mtungi mrefu, akaangalia mdogo kule ukutani.

Saa saba na nusu walikuwa nyumbani kwa marehemu. Koplo alivua kofia mlangoni. Wanawake wa msiba walisogea wakawapa nafasi, na mmoja akawaletea maji kabla hawajayaomba. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi kando ya cherehani iliyofunikwa shuka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Pengine hakujua kwamba anayo.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Mmekula?"

"Tumekula," alidanganya Inspekta. Barabarani alikuwa amepanga maswali yake kwa uangalifu, namna ya kuchukua jibu bila kumwachia mtu jeraha. "Nimeambiwa ulishona makoti ya mitungi. Nilitaka tu kujua yalivyokuwa."

Uso wa mama ulilegea kidogo, kama wa mtu aliyeulizwa habari za wajukuu. "Ya turubai. Nilipata vifungo vya sare za zamani, nikavitia. Baridi alinicheka, akasema, 'Mama, mitungi haina haya.' Lakini alikuwa anayapenda. Cheche ndiye aliyeomba lake jekundu."

"Na uliyafua Jumapili."

"Niliyafua Ijumaa, Jumapili nikayapeleka. Mwenyewe alikuwa amelala, kachoka, ana hasira za ugomvi na mwenzake, hataki kuniambia ni kitu gani. Nikasema acha leo nimpunguzie kazi. Nikaenda, nikakuta ile mitungi imesimama uchi kama watoto waliotoka mtoni." Alitabasamu. "Mimi sijui gesi ni nini, mwanangu. Lakini nguo naijua. Nguo ukiwa hujui ni ya nani, unatazama urefu. Mrefu nikampa refu, mfupi nikampa fupi. Yaliwakaa! Hata kola haikuzidi."

Mlio wa kalamu ulikoma. Ulikuwa mlio mdogo sana, lakini mama alikuwa mtu wa kusikiliza sindano. Aligeuka akamtazama Koplo.

"Mbona kalamu imesimama, baba?"

Koplo aliangalia mikono yake.

"Mama," alianza Inspekta, "kuna mambo ya kitaalamu ambayo bado..."

"Usinizungushe, mwanangu. Mimi nikivuta uzi mmoja najua nguo yote ilivyoshonwa." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini vidole vilikuwa vimeshika futi pande zote mbili. "Yule mrefu hakuwa wa mwanangu?"

Inspekta Miwani alivua miwani. Bila miwani uso wa yule mama ulikuwa ukungu tu, na pengine ndiyo maana aliivua. "Jumamosi walileta saizi tofauti," alisema. "Mrefu ulikuwa wa Cheche. Gesi yake haitakiwi kuingia kwenye kiyoyozi."

Mama hakulia. Wanawake walio karibu walisikia, wengine wakashika midomo, lakini yeye alikaa tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia. Mdogo wake alimshika bega. Akautoa mkono ule polepole, bila ukali.

"Koti liko wapi?"

"Cheche aliyachoma. Yote mawili."

"Lini?"

"Jumatatu. Mara tu baada ya kumtoa mwanao kwenye moto."

"Ndipo nilipokuwa getini, na chai yao," alisema mama. "Nilikuwa naita, 'Hodi, nyie mabwana.' Nilisikia kishindo nikadhani gurudumu limepasuka. Alisikia sauti yangu. Alilichoma nisilione." Halafu akasimama, mara moja, hata Koplo akarudi nyuma. "Siku ya tatu leo mtoto wa watu amelala kwenye saruji kwa ajili yangu. Nipeni mtandio. Twende."

"Mama, si lazima uende wewe. Taarifa yako inatosha."

"Inatosha kwenu."

Walifika kituoni saa tisa na dakika chache. Cheche aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na mkono wa kushoto uliofungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, mkono wa shati umeungua ukaning'inia. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, na siku tatu zilikuwa zimeyashusha. Alipomwona aliyekaa kando ya Inspekta, alirudi nyuma hatua moja.

"Afande! Nilisema sina la kusema! Umemwambia?"

"Hakuniambia," alisema mama. "Nimepima mwenyewe. Kaa."

Cheche alikaa.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Inspekta.

"Nilipoingia getini Jumatatu. Nilichelewa. Nikamwona ameshaunganisha, mkono uko kwenye koki. Nikaona koti la bluu, nikaona na urefu, nikajua ule ni wa kwangu. Nikamwita."

"Hizo ndizo kelele za kabla ya mlipuko," Koplo alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

"Mitungi imebadilika tangu Jumamosi," Inspekta alisema. "Siku mbili. Kwa nini hukumwambia?"

"Tulikuwa tumenuniana, afande." Cheche alifuta uso kwa mkono ulio mzima. "Kaniita muuaji mbele ya watu, na kwa haki, gesi ile ikiungua ni sumu kweli, mimi ndiye niliyekosea. Lakini niliona aibu. Jumamosi nikasema, sizungumzi naye mpaka aanze yeye. Nikasema ataona mwenyewe, si ipo uchi, si ana macho, atasoma. Sikujua makoti yatarudi kabla yetu."

"Ulimwita mara ngapi?" Aliyeuliza safari hii alikuwa mama.

"Mara mbili, mama."

"Alikusikia?"

Cheche alimtazama Inspekta kama anayeomba aachiwe, lakini Inspekta naye alikuwa akimtazama mama.

"Alinisikia," alisema mwishowe. "Aligeuka akaniona. Halafu akanipa mgongo, akafungua."

Nje mtu alikuwa akifagia baraza, na ufagio ulisikika mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi.

"Huyo ndiye yeye," mama alisema. "Akinuna alikuwa anakula chakula changu huku amenipa mgongo. Anamaliza sahani yote, lakini mgongo kanipa." Alicheka, mara moja tu, na kicheko kikavunjika katikati. Ndipo alipolia, na Cheche akalia, wakiwa pande mbili za meza ya serikali, mpaka Inspekta akainuka akafunga dirisha ili wapita njia wasiwaangalie.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika arobaini. Inspekta Miwani alivuta jalada, akatoa ukurasa ulioandikwa *kuua kwa kukusudia*, akaugeuza kifudifudi. Mbele ya Koplo akaweka karatasi nyeupe.

"Andika. Mtungi mrefu ulikuwa wa oksijeni. Ulibadilishwa saizi na msambazaji, hati iko kwenye kiambatisho. Kibandiko kilifunikwa na koti. Fundi alifuata koti, hakusoma kibandiko. Mshukiwa alimwita marehemu mara mbili, akafunga koki kwa mkono wake, akamtoa kwenye moto. Hakuna aliyekusudia. Naomba aachiwe leo, sio kesho."

Koplo aliandika. Kando ya Inspekta mama alikuwa amefuta macho kwa mtandio. Alikuwa akiangalia ule mkono wa shati ulioungua. Alitoa futi shingoni.

"Simama," alimwambia Cheche. "Huwezi kutoka mbele ya watu na shati la hivi. Nyoosha mkono. Huo mzima kwanza."

Cheche alisimama akanyoosha, na mama akapima kutoka begani hadi kwenye kifundo, akinong'ona namba chini kwa chini kama alivyozoea.

"Bosi," Koplo aliita kwa sauti ya chini. Alikuwa ameinamisha kichwa hadi karibu na karatasi. "Hapa kwenye koti. Nikiandika lilivalishwa na nani..." Hakumalizia. Alisogeza karatasi kidogo, akionyesha kwa kidole kwamba sentensi ile ingeweza kuishia hapo hapo, na nukta yake, na hakuna mtu ambaye angeuliza.

Inspekta Miwani alilielewa lile alilokuwa akiombwa. Alilifikiria kweli. Hakuwa amewahi kufikiria jambo kama hilo katika miaka ishirini na sita.

"Kalamu imesimama tena, baba," alisema mama, bila kugeuka, futi ikiwa bado juu ya mkono wa Cheche. "Andika jina langu. Lote, mpaka la babu. Huyu keshanibebea siku tatu."